Kugandisha programu ikiwa kazini: kwa nini kunakili kumbukumbu peke yake hakutoshi

Swali la msomaji:

"Mwalimu, salamu. Nina programu ya hesabu kwenye seva ya Linux ambayo huchukua siku 9 mfululizo kumaliza kazi. Sasa ipo siku ya 6, na nimeambiwa seva itazimwa ili iwekewe kerneli mpya (kiini cha mfumo wa Linux). Programu yenyewe haina namna ya kuhifadhi kazi katikati. Nilijaribu CRIU, chombo cha kuhifadhi programu ikiwa kazini na kuirejesha baadaye, kwenye nakala ndogo ya programu hiyo: nikatoa amri ya kuhifadhi pamoja na chaguo la --leave-running ili kazi isikatike, nikapata faili za picha (nakala ya hali ya programu), halafu baadaye nikaiua programu na kujaribu kuirejesha. Ikakataa, ikisema faili ya matokeo ina ukubwa usio sahihi. Kwa nini ijali ukubwa wa faili? Si inatosha kunakili kumbukumbu yote na rejista za prosesa, kisha kuzirudisha zilivyokuwa? Na hizo habari nyingine inazodai inazitoa wapi?"

Ndugu yangu, umefanya vema kuanza na nakala ndogo. Dawa ya kosa lako ni fupi na nitaitoa, lakini naomba uvumilie kwanza maelezo ya swali lako la pili, kwa sababu ukilielewa hilo utaweza kutabiri mwenyewe ni wapi pengine programu yako itakwama, na ukiwa na siku 6 za kazi mkononi ni heri utabiri kuliko ushtukizwe.

Tuseme umenakili kila baiti ya kumbukumbu na kila rejista, ukavipakia kwenye mchakato mpya mtupu. Programu inaamka pale pale ilipoachia, na jambo la kwanza inalofanya ni kuandika kwenye faili namba 3. Namba 3 ni nini? Ndani ya kumbukumbu ya programu ni tarakimu tu. Ni faili ipi, ilifunguliwa kwa kusoma au kwa kuandika, imefika baiti ya ngapi: hayo yote programu haiyajui na haijawahi kuyajua. Anayeyajua ni kerneli. Mchakato mpya hauna faili namba 3, kwa hiyo kerneli inarudisha kosa la EBADF, yaani namba ya faili si sahihi, na kazi inaishia hapo.

Programu inayokimbia, basi, ina nusu mbili. Nusu moja ni yake: kumbukumbu na rejista. Nusu ya pili anaishika kerneli kwa niaba yake: faili zilizofunguliwa, mabomba yenye data ambayo haijasomwa, soketi, saa za kuamsha, ishara zinazosubiri, uhusiano wa mzazi na mtoto, namba ya mchakato yenyewe. Nusu ya kwanza ni kubwa kwa baiti lakini ni nyepesi kwa kazi. Ugumu wote uko kwenye nusu ya pili, kwa sababu kila kitu kilichomo kinadai milango miwili kwenye kerneli: mmoja wa kusomea hali ilivyo, na mwingine wa kuiumba hali hiyo hiyo upya baadaye. Ukikosa mlango mmoja kati ya hiyo miwili kwa kitu kimoja tu, programu yako haihifadhiki.

Mwanzoni milango mingi haikuwapo. Kati ya 2008 na 2010 Oren Laadan aliongoza jaribio la kuifanya kazi hii yote ndani ya kerneli ya Linux yenyewe, kwa mfululizo wa viraka (vipande vya mabadiliko ya msimbo) uliofika karibu 100. Haukukubaliwa: ulikuwa mzigo mkubwa unaogusa kila pembe ya kerneli. Mwaka 2011 Pavel Emelyanov, kutoka kundi la OpenVZ, mradi wa kontena za Linux, akaja na njia ya pili. Kazi nzima ifanywe nje, na programu ya kawaida, na kerneli iombwe vijimlango vidogo vidogo tu pale ambapo hakuna namna nyingine. Andrew Morton, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, alivipokea viraka vya kwanza mwanzoni mwa 2012, kwenye toleo la 3.3 la kerneli, huku akiwa na mashaka ya wazi kama mradi utafika mwisho. Akataka kila kipande kifungwe ndani ya chaguo la CONFIG_CHECKPOINT_RESTORE, ili mambo yakiharibika kiwe rahisi kung'oa. Mradi ulifika. CRIU 1.0 ilitoka Novemba 2013, na chaguo lile la kung'olea bado limo kwenye kerneli hadi leo.

Sasa tuifuate kazi yenyewe.

Kwanza programu lazima isimame, na isimame bila kujua. Mtu angefikiria SIGSTOP, ishara ya kusimamisha mchakato, lakini hiyo inaacha alama: mzazi wa mchakato anapelekewa habari kwamba mwanawe amesimama, na mchakato uliokuwa umesimamishwa tayari na mtu mwingine huwezi tena kuutofautisha na uliosimamishwa na wewe. Ndiyo maana kukaongezwa PTRACE_SEIZE kwenye toleo la 3.4: unaushika mchakato kwa nyuma, unauganda, na hakuna ishara yoyote inayotumwa. Kila uzi (mkondo wa utekelezaji) wa kila mchakato kwenye mti mzima unashikwa hivyo kabla ya kitu chochote kusomwa. (Hii pia ndiyo sababu programu iliyoshikwa na gdb haihifadhiki. Mshikaji ni mmoja tu kwa wakati.)

Baada ya hapo kusoma kunaanzia /proc, saraka ambamo kerneli huonyesha hali ya kila mchakato. Faili ya maps inaorodhesha maeneo ya kumbukumbu: anwani ya kuanzia na kuishia, ruhusa, na faili iliyolazwa hapo kama ipo. Faili ya pagemap inakwenda chini zaidi: kwa kila ukurasa, ambao kwa kawaida ni baiti 4096, kuna neno moja la biti 64. Biti ya 63 ikiwaka, ukurasa umo kwenye RAM. Ya 62 ikiwaka, umepelekwa kwenye diski. Kwa kusoma hizo biti CRIU inajua kurasa zipi zina kitu na zipi hazijawahi kuguswa, ndiyo sababu programu inayodai gigabaiti 40 lakini inatumia 3 haitakupa picha za gigabaiti 40. Na kuna jambo utakaloona umuhimu wake baadaye: ukurasa uliotoka kwenye faili na haujabadilishwa hauhifadhiwi kabisa. Kwa nini uhifadhiwe, ikiwa faili iko palepale?

Faili zilizofunguliwa unaziona kwenye /proc/PID/fd (PID ni namba ya mchakato), na hali ya kila moja kwenye fdinfo. Jaribu kwenye programu yako, tuseme namba yake ni 4127:

    $ cat /proc/4127/fdinfo/1
    pos:    18874411
    flags:  0100001
    mnt_id: 29

Pos ni baiti uliyofikia. Flags zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 8: ile 1 ya mwisho ni "kuandika tu", na ile ya mbele ni alama ya kuruhusu faili kubwa. Ukiangalia mistari hii mitatu unaweza kudhani yametimia yote. Hayajatimia, na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ni mahali ninapopapenda kuliko pote katika elimu hii.

Chukua amri hizi mbili:

    programu > logi.txt 2>&1
    programu > logi.txt 2> logi.txt

Zote mbili zinazaa mchakato wenye namba 1 na namba 2 zinazoelekea logi.txt. Kwenye /proc zinafanana. Lakini katika ya kwanza, faili imefunguliwa mara moja, na namba zote mbili zinashiriki ufunguzi huo mmoja. Ukiandika baiti 100 kupitia namba 1, namba 2 nayo imesogea 100. Katika amri ya pili faili imefunguliwa mara mbili, kila namba ina nafasi yake, na maandishi ya moja yanafuta ya nyingine. Ukirejesha programu ya aina ya kwanza kwa umbo la pili, hakuna kosa litakalotokea. Itaamka, itaendelea, na matokeo yako yataanza kufutana polepole bila mtu kujua. Kwangu mimi hilo ni kosa baya kuliko programu kukataa kuamka, maana iliyokataa angalau imekuonya.

Je, pos haziwezi kutuambia? Haziwezi. Zikitofautiana tunajua ni funguzi mbili, lakini zikilingana huenda ni bahati tu, hasa mwanzoni ambapo zote ni 0. Kilichohitajika ni kuiuliza kerneli moja kwa moja: je, hizi mbili ni kitu kimoja ndani yako? Njia rahisi ingekuwa kerneli itaje anwani ya kitu hicho kwenye kumbukumbu yake, lakini anwani za ndani ya kerneli ni siri ambayo mshambuliaji angeifurahia sana. Kwa hiyo kwenye toleo la 3.5 ukaongezwa wito wa mfumo unaoitwa kcmp. Unaupa michakato miwili na namba mbili za faili, nao unajibu 0 kama ni kitu kimoja, 1 kama cha kwanza ni "kidogo" kuliko cha pili, 2 kama ni "kikubwa".

Kidogo na kikubwa kwa maana gani? Hapo ndipo penye ufundi. Kama jibu lingekuwa ndiyo au hapana tu, basi kwa faili 1000 ungelazimika kulinganisha kila moja na kila nyingine, ambayo ni maswali 499,500. Ukiwa na mpangilio, unaweza kujenga mti wa kutafutia, na kila faili mpya ikapata mahali pake kwa maswali kama 10 hivi. Lakini mpangilio wa anwani halisi nao unavujisha siri. Kerneli inatatua hivi: inapowashwa inachagua namba mbili za bahati nasibu, na kila anwani kabla ya kulinganishwa inachanganywa na ya kwanza kwa XOR, halafu inazidishwa kwa ya pili, ambayo lazima iwe witiri ili anwani mbili tofauti zisije zikatoa jibu moja. Mpangilio unaopatikana hauna uhusiano na mahali vitu vilipo kwenye kumbukumbu, ila haubadilikibadiliki, na kwa mti wa kutafutia hilo linatosha kabisa.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo huwezi kuyauliza ukiwa nje. Mfano ni vishughulikiaji vya ishara. Faili ya /proc/PID/status ina mstari wa SigCgt unaoonyesha ni ishara zipi programu imezipangia kazi, lakini hauonyeshi kazi yenyewe iko anwani gani. Wito wa rt_sigaction ungekuambia, ila unamjibu mwenyewe tu. Mchakato hauwezi kuuliza habari za mwenzake. Vivyo hivyo kwa getitimer, wito wa kuuliza saa za kuamsha. CRIU inafanya nini? Inaingia ndani ya programu yako na kuuliza kwa sauti yake.

Inaingiaje? Kwanza inahifadhi rejista zote na baiti chache za msimbo kutoka eneo lenye ruhusa ya kutekelezwa. Mahali pa baiti hizo inaandika 0f 05, ambayo kwenye prosesa za x86-64 ni amri ya kuita kerneli, ikifuatiwa na cc, amri ya kusimama. Inaweka 9 kwenye rejista ya rax, ambayo ni namba ya mmap, inajaza rejista nyingine kwa ukubwa wa eneo inalolitaka, kisha inauachia mchakato upige hatua moja. Mchakato unaita mmap, unagonga ile cc, unasimama. Sasa kuna eneo jipya la kumbukumbu ndani ya programu ambalo programu yenyewe haikuliomba. CRIU inapakia humo kipande cha msimbo wake, ambacho watengenezaji wake wanakiita kimelea, na jina linafaa.

Kimelea kinafungua soketi ya kuzungumza na CRIU, kinajibu maswali yote ya ndani, na kinafanya jambo moja kubwa zaidi: kinapitisha namba zote za faili za programu kwenye soketi hiyo, ili CRIU nayo izishike mkononi. Ikishazishika inaweza, kwa mfano, kuchungulia bomba na kunakili data iliyomo kwa wito wa tee, ambao hauitoi data mahali pake. Kurasa za kumbukumbu nazo zinatoka kwa njia ya kimelea hicho hicho, zikisukumwa kwenye bomba kwa vmsplice. Kazi ikiisha, eneo linafutwa, baiti za mwanzo zinarudishwa, rejista zinarudishwa. Ukiiachia programu wakati huo itaendelea bila kujua kwamba ilikuwa na mgeni.

Labda unajiuliza kwa nini tuhangaike hivi wakati kuna vyombo kama drgn na crash, vinavyoweza kusoma miundo ya ndani ya kerneli moja kwa moja kupitia /proc/kcore. Kwa uchunguzi ni vyombo bora, nami huvitumia kila ninapotaka kuelewa kwa nini kitu fulani kilikataa kuhifadhiwa. Lakini miundo hiyo ya ndani hubadilika toleo hadi toleo bila kumuomba mtu radhi, na wewe hasa unataka kuhifadhi kwenye kerneli moja na kurejesha kwenye nyingine. Tena ni mlango wa kusomea tu. Hali uliyoisoma huko huna pa kuirudishia.

Kurejesha ni safari ya kinyumenyume, na ina matatizo yake mawili ambayo mtu hayafikirii mpaka ayakute.

La kwanza ni namba ya mchakato. Programu huenda imeiandika namba yake mahali, au mtoto anaijua ya mzazi, kwa hiyo 4127 lazima irudi kuwa 4127. Lakini kerneli ndiyo inayogawa namba. Zamani dawa ilikuwa kuandika 4126 kwenye /proc/sys/kernel/ns_last_pid kisha kuzaa mchakato haraka, ukiomba asitokee mwingine akakuwahi katikati. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, clone3 inakubali namba unayoitaka moja kwa moja, na mbio hizo zimekwisha. Hata hivyo kama 4127 tayari ina mwenyewe, hakuna cha kufanya. Urejeshaji utashindwa.

La pili ni la kumbukumbu. CRIU hairejeshi programu yako kutoka pembeni. Inazaa mchakato, na mchakato huo unajigeuza kuwa programu yako. Unafungua faili na kuzisogeza hadi pos zake, unaandaa soketi, unajaza kurasa. Lakini mwisho wake lazima uondoe kumbukumbu yake ya CRIU na kulaza ya programu mahali pake, yaani ubomoe sakafu uliyosimamia. Kwa hiyo inatafutwa nafasi ambayo haikaliwi na CRIU wala haitakaliwa na programu yako, msimbo mdogo unawekwa hapo, na huo ndio unaofuta kila kitu kingine, kuhamisha kurasa kwenye anwani zake halisi na kuzaa nyuzi zilizobaki. Halafu unabaki na swali moja: utaruka vipi hadi katikati ya programu huku rejista zote zikiwa na thamani zake za zamani, pamoja na hiyo unayotumia kurukia? Jibu lilikuwa limekaa kwenye kerneli miaka yote. Kishughulikiaji cha ishara kinapomaliza, rt_sigreturn hupakia rejista zote kwa mpigo kutoka kwenye rafu ya kumbukumbu. CRIU inaandika hapo rejista zako kana kwamba kulikuwa na ishara, inaita rt_sigreturn, na programu yako inaamka ikiamini imetoka kushughulikia ishara ambayo haikuwahi kutumwa.

Miunganisho ya TCP nitaigusa kidogo tu, kwa kuwa programu yako, kama nimekuelewa, haina. Kuna chaguo la soketi liitwalo TCP_REPAIR, la toleo la 3.5 pia. Likiwashwa, soketi inakuruhusu kusoma foleni zake na namba zake za mfuatano, na ukiifunga haimwagi mwenzake kwa kumtumia pakiti ya kuaga. Upande wa kurejesha, connect kwenye hali hiyo inatoa muunganisho uliokamilika bila kutuma pakiti hata moja. Katikati ya hayo mawili ngome ya mtandao lazima izuie pakiti za muunganisho huo, la sivyo kerneli itaona pakiti isiyo na mwenyewe na kumjibu mwenzako kwamba muunganisho umekufa. Utahitaji chaguo la --tcp-established, na anwani ya IP lazima iwe ile ile.

Turudi kwenye kosa lako. Ulihifadhi kwa --leave-running. Picha zilichukuliwa wakati faili ya matokeo ilikuwa, tuseme, na baiti 18,874,411. Kisha programu ikaachiwa iendelee, nayo ikaendelea kuandika mpaka ulipoiua. Ulipoirejesha, kumbukumbu ilitoka kwenye wakati mmoja na faili kutoka kwenye wakati mwingine. CRIU haihifadhi yaliyomo ndani ya faili za kawaida. Inahifadhi njia, nafasi na ukubwa, na inaamini faili yenyewe itakuwa palepale ilivyoachwa. Ukubwa ukitofautiana inakataa, na inakutendea haki: programu ingeamka na kuandika kuanzia baiti ile ya zamani, juu ya mistari iliyokuja baadaye. Kosa hilo hilo liliwahi kunipata mimi kwa mkono wangu mwenyewe. Nilihifadhi programu vizuri, ikasimama, halafu nikaongeza mstari mmoja kwenye logi yake kwa echo ili nikumbuke saa niliyoisimamisha. Mstari huo mmoja ulitosha kuzuia urejeshaji, na nilipoteza nusu siku kabla ya kuuona.

Dawa ni kuliacha chaguo hilo. CRIU kwa kawaida huiua programu mara tu picha zinapokamilika, na kwako hilo ndilo unalolihitaji, maana seva inazimwa hata hivyo. Ukitaka siku nyingine kuchukua picha huku kazi ikiendelea, nakili faili ya matokeo ndani ya hati unayoiweka kwa --action-script, kwenye hatua ya post-dump, wakati programu bado imeganda. Hapo picha na nakala vitakuwa vya dakika moja.

Lakini kwa kuwa unavuka kuzimwa kwa seva, kuna mambo manne yanayonitia wasiwasi zaidi ya hilo.

Kubwa kuliko yote ni maktaba. Mara nyingi anayeweka kerneli mpya hutumia nafasi hiyo kusasisha kila kitu, pamoja na maktaba ya C. Kumbuka nilichosema juu ya kurasa ambazo hazijabadilika: msimbo wa libc haumo kwenye picha zako, unasomwa upya kutoka kwenye faili. Faili hiyo ikibadilishwa, anwani zote ambazo programu yako inazikumbuka zinaelekea pasipo. Mwombe msimamizi aweke kerneli peke yake, na masasisho mengine yasubiri siku zako 3 zilizobaki ziishe. Kerneli mpya yenyewe haina shida. Kipande kidogo ambacho kerneli hukilaza ndani ya kila mchakato, yaani vDSO, kinaweza kubadilika, ila CRIU inalijua hilo na hurekebisha.

La pili ni namba za michakato. Baada ya seva kuwashwa, namba hugawiwa upya kuanzia chini, na 4127 yaweza kuwa imechukuliwa. Programu iliyoanzishwa ndani ya eneo lake lenyewe la namba, kwa unshare au kwenye kontena, haina hofu hiyo. Yako imeshaanza nje, kwa hiyo rejesha mapema baada ya seva kuwaka, na angalia kwanza kama /proc/4127 ipo, pamoja na namba za nyuzi zake zote. Ikiwa kuna moja imekaliwa na huduma isiyo ya lazima, isimamishe.

La tatu ni mahali pa kuweka picha. Kwenye seva nyingi /tmp imo ndani ya RAM na hufutika seva ikizimwa, na /dev/shm iko hivyo daima. Picha ziende kwenye diski halisi. Kama programu yako ina faili zake za muda huko, zinakili pia baada ya kuhifadhi na uzirudishe kabla ya kurejesha, zikiwa na njia na ukubwa ule ule. Na saraka ya picha uifunge kwa ruhusa za mtumiaji mkuu peke yake, kwa sababu kila nenosiri au ufunguo uliokuwa kwenye kumbukumbu ya programu sasa umeandikwa humo wazi.

La nne ni saa. Baada ya siku 6, saa ya CLOCK_MONOTONIC ya seva ilikuwa imepita sekunde 518,400. Seva ikiwashwa upya inaanza tena 0. Programu iliyojiambia "niamke itakapofika 518,460" itasubiri siku 6 nyingine. Programu ya hesabu tupu kwa kawaida haina miadi kama hiyo, lakini ikiwa inaandika ripoti kila baada ya muda fulani, pitia msimbo wake uone inapima kwa saa gani. Tangu kerneli ya 5.6 mchakato unaweza kupewa saa yake yenye pengo la kufidia, ila nao unapaswa kuwa umeanzia humo.

Kabla ya siku yenyewe, rudia jaribio kwenye nakala ndogo, safari hii bila --leave-running, na kama unaweza, uwashe upya mashine nyingine iliyo kama hiyo katikati. Ikiwa programu ulianzisha kutoka kwenye terminali, ongeza --shell-job pande zote mbili. Tumia -v4 na -o ili upate logi kamili. Urejeshaji ukikataa tena, usome logi hiyo kutoka juu na unitumie mstari wa kwanza wenye neno Error. Ule wa mwisho mara nyingi ni matokeo tu ya kosa lililotokea mistari mingi nyuma yake.